Muuaji Aliyepumzika

Modeste alilala kifudifudi katikati ya ateliye yake ya kuchomelea milango, hapo Majengo, fuvu limepasuka, nyundo bado imekwama kisogoni. Damu ilikuwa imeruka hadi kwenye mabati ya zinki. Aliyemfanyia hivi alikuwa na hasira ya siku nyingi.

Nje, umati ulimshika Josias, fundi kijana aliyegombana na Modeste, patroni wake, jana. Tairi lilikuwa tayari shingoni mwake.

"Tumuchome! Petroli iko wapi?"

Inspekta Apolline Kavira alifyatua risasi hewani, akamvuta Josias ndani kwa ukosi wa shati. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka.

"Ulimuua?"

"Hapana, mama inspekta! Tuligombana juu ya moshi. Anafunga milango tukichomelea zinki, sumu yote inaingia kifuani. Halafu asubuhi anatupatia maziwa, eti yanasafisha mapafu."

"Na munaamini?"

"Wazee wa kazi wanaamini."

Daktari wa polisi alionyesha majeraha. Mapigo ya kwanza yalikuwa makali. Damu ikaanza kuganda, ndipo yakaja mengine. Kando ya maiti palikuwa na ndoo iliyopinduliwa, na matone ya damu juu yake yamepakazwa na makalio ya mtu.

Lo! Muuaji aliketi kupumzika! Josias, kifua kipana vile, angechoka na nini?

"Nani aliikuta maiti?"

"Muzee Useni, fundi mukubwa wetu."

Useni alisimama mlangoni, mikono misafi, viatu vimeoshwa, akihema.

"Geuka, muzee."

"Juu ya nini?"

"Geuka!"

Damu ilikuwa imekauka nyuma ya suruali yake, mahali ambapo mtu hajioni.

Hakukimbia. Angekimbia na mapafu gani? Aliketi sakafuni, akatema makohozi meusi.

"Ni mimi. Muachilie mutoto wa watu."

"Kwa nini ulimuua?"

"Juu ya Alima, binti yangu. Kazi hii nilimufundisha mimi, maziwa nilimunywesha mimi. Sasa munganga wa hospitali amemupiga picha ya kifua, mapafu yake yameanza kuharibika kama yangu. Nikamubembeleza aache, akakataa. Leo alfajiri nikamuomba patroni amufukuze. Akacheka, eti hakuna anayechomelea kama yeye. Nikamupiga. Pumzi ikaniishia, nikakaa. Akaomba maji. Nikaamuka, nikamumaliza."

Apolline alishikwa na hasira, asijue amkasirikie nani zaidi, huyu mzee au yule maiti.

"Na Alima?"

"Ateliye itafungwa. Hatavuta moshi tena. Hiyo inanitosha, munifunge."

Josias alipangusa damu mdomoni. Akamgeukia Useni.

"Muzee, nimepishana na Alima asubuhi hii. Amesema kama patroni amekufa, yeye anaenda kuchomelea kwa Nsabimana, ile ateliye ingine. Saa hii atakuwa ameshaanza kazi. Kule pia wanafunga milango."