Alijua Tangu Jumatatu

"Ulijua lini?"

Kwamboka alisimama mlangoni mwa chumba cha Erisa, daftari la vipimo mkononi. Alikuwa ameingia kufagia, akalikuta mezani likiwa wazi.

"Kwamboka, nisikilize..."

"Ulijua lini kwamba mama ana malaria?"

Erisa akainamisha kichwa. "Jumatatu."

Nyangate, mama yake Kwamboka, alikufa Alhamisi. Jumamosi walimzika, na Erisa alishika jembe kaburini kama mtoto wa kiume wa boma lile.

Ilikuwa mwaka wa 1951. Erisa, mwanafunzi wa afya kutoka Uganda, aliletwa Mosocho, karibu na Kisii, kuchunguza malaria ya milimani. Mzee Manasseh, baba yake Kwamboka, alimpa chumba. Nyangate alimpikia uji wa wimbi kila asubuhi, na wote wawili wakamwita mwanangu. Kufikia mwezi wa tano, Erisa na Kwamboka walikwisha kubaliana kuoana. Ilibaki kumwambia mzee tu.

Kazi yake ilikuwa kutoboa watu vidole, kutazama damu kwa hadubini na kuandika. Majibu yalitolewa na mwalimu wake tu, na wiki ile mwalimu alikuwa safarini Nyamira.

"Mama alikuambia kichwa kinamuuma. Ukamjibu nini?"

"Apumzike."

"Na dawa ya kwinini iko zahanati, hapo tu!"

"Tulikatazwa kutoa majibu. Ningefukuzwa chuo. Nilidhani mwalimu atarudi mapema... Niliogopa, Kwamboka."

"Uliogopea masomo yako. Mama yangu hukumwogopea."

Akatoka. Aliporudi alikuwa amembeba mdogo wake, Abigael, wa miaka minne, aliyeshinda akilia tangu asubuhi. Mwili ulikuwa moto.

"Mpime. Uniambie sasa hivi."

Erisa alimtoboa kidole, akainamia hadubini.

"Anayo," alisema, akatoka mbio kwenda zahanati.

Siku hiyohiyo alimwandikia mwalimu, akakiri yote. Jibu lilikuwa mstari mmoja: "Funga mizigo urudi kwenu."

Abigael alipoanza tena kukimbia uani, Erisa alipiga magoti mbele ya Mzee Manasseh na kumweleza. Mzee alikung'uta kiko chake.

"Nilikuita mwanangu," alisema. "Sitaondoa neno hilo. Lakini nenda, mwanangu. Nikikuona hapa naumia."

Kwamboka alikuwa akimenya ndizi nje ya jiko. Erisa alichuchumaa karibu naye.

"Niruhusu nirudi kukuposa."

"Usirudi."

"Abigael amepona."

"Amepona. Asante."

"Basi hunipendi tena?"

Kisu kilisimama.

"Nakupenda, Erisa. Lakini siku moja mtoto wetu ataugua. Utaniambia ni homa kidogo tu, nami nitakutazama usoni nikijiuliza unanificha nini. Siwezi kuishi hivyo."

Erisa aliinuka. Akabeba sanduku lake, akashika njia ya Kisii mjini kutafuta lori la Kisumu.

Kwamboka alimenya ndizi zote, akazitia chunguni, akawasha moto. Kisha akaketi chini, akalia kwa sauti, na baba yake hakumnyamazisha.