Wanaogonga Sikioni

Mlango ulifunguliwa, sauti ikatoka ya mlango kufungwa. Hapo ndipo mambo yalipoanzia, na mwenye kubisha akabishe kwao, maana habari hii niliipata kwa fundi mwenyewe, na mimi sidanganywi kirahisi; waongo wote wa mtaa huu wamepitia mikononi mwangu.

Fundi huyo kazi yake ni kutia sauti kwenye filamu. Msidhani farasi mnayemsikia kwenye filamu ni farasi. Ni mtu mzima kachuchumaa na vifuu viwili. Mvua ni mchele unaomwagwa kwenye sinia, na mfupa ukivunjika, hiyo ni karoti. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba, hakina dirisha, kuta zimevikwa magodoro, na katikati ilisimama milango minane ndani ya fremu zake, milango isiyo na nyumba, kila mmoja na kitasa chake.

Safari hii aliletewa filamu ya moto wa kiwanda cha nguo. Moto wa kweli, wa miaka thelathini nyuma, uliowamaliza watu sitini na mmoja. Prodyuza wake mtaa mzima ulimwita Skafu, kwa kitambaa alichojifunga shingoni hata jua likipasua mawe.

"Mlango ulikuwa wazi, fundi," alisema Skafu. "Wafanyakazi walikuwa wamegoma, wagomaji wakawasha moto wenyewe, wakapagawa, wakakanyagana. Nipe mlango laini, usio na kinyongo."

"Mbona mimi nasikia ulikuwa umefungwa?"

"Umesikia kwa nani? Wakubwa wanaotoa filamu hii hawajasikia."

Fundi akafungua mlango wa tatu mbele ya kipaza sauti, polepole, kama mtu anayeingia chumba cha mtoto aliyelala. Akasikiliza alichorekodi: kishindo, kitasa, halafu ngumi. Akarudia. Ngumi zikaongezeka, na chumbani kukaingia harufu ya kitambaa kinachoungua. Akakagua nyaya, zote nzima. Mwishowe akachukua sauti ya mlango aliyokuwa ameihifadhi zamani, akaipachika, kazi ikaenda.

Kesho yake sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Lingekuwa kimya tu, afadhali. Mkewe alimwita upande ule asimsikie, lakini ndani kabisa, mbali kama chini ya kisima, kulikuwa na watu wanagonga.

"Ni nta hiyo," mkewe alisema. "Unalala na mahedifoni kama umeyaoa."

Baada ya mwezi ukaja uchaguzi, wakubwa wakabadilika. Skafu akarudi na kitambaa cha rangi nyingine.

"Picha ni zilezile," alisema. "Tunabadilisha sauti tu. Mlango ulifungwa, na waliofunga ni askari wa serikali iliyopita. Nitilie mabuti, mnyororo, kufuli kubwa."

"Kwani askari walikuwepo?"

"Watakuwepo. Si unawatia wewe?"

Haya. Mtoto wa watu akavaa mabuti, akatembea juu ya sinia la changarawe, akaburuta mnyororo, akafunga kufuli, na ile harufu ikarudi, safari hii imeshiba, nywele na uzi na mafuta ya cherehani pamoja, ikamkaa kooni kama kidonge kisichomezeka, na alipovaa hedifoni hakusikia buti wala mnyororo bali viganja, vikubwa na vidogo, vikipiga bati kwa fujo, kisha kwa zamu, kisha kwa kuchoka, na nyuma yake mtu mmoja akikohoa karibu mno, karibu kiasi kwamba fundi alihisi pumzi yenyewe ndani ya sikio lake la kulia, nalo likaanza kuziba. Akavua hedifoni, akapachika mabuti ya akiba. Ngumi hazikukoma. Zikafuatana naye sebuleni, mezani, kitandani. Binti yake, mwenye mwaka na nusu, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusema "baba," na fundi akabaki kumtazama midomo. Mtia sauti asiyesikia! Si afadhali kinyozi asiye na mikono?

Mkewe akamleta mganga, mama mmoja mnene mwenye maneno makali. Mganga hakuchoma kitu wala hakutingisha kibuyu. Alimkalisha fundi kwenye kiti, akabandika sikio lake kwenye sikio la fundi, shavu kwa shavu, akakaa hivyo muda mrefu. Alipojitoa, midomo ilikuwa imemkauka.

"Ni jini gani, mama?" mke alinong'ona.

"Jini ni mmoja, vilio ndivyo vingi. Amekaa kwenye majivu yale miaka yote, amewabeba wote sitini na mmoja. Nimemuuliza anataka nini. Ubani hataki. Damu hataki. Anauliza nani alifunga mlango."

"Skafu anasema ni as…"

"Usimalize!" Mganga alimziba mdomo. "Mara ya kwanza mumeo amemdanganya. Mara ya pili amemdanganya. Akidanganywa tena, anafunga na hilo sikio lililobaki, na hafungui. Halafu," akashusha sauti, "anasema aliyefunga yumo humu ndani."

Wakageuka. Kwenye kizingiti alikuwa amesimama baba yake fundi, mzee aliyekaa nao miaka yote, ambaye siku zote alisema aliacha kazi kiwandani mwaka mmoja kabla ya moto.

"Hakukuwa na askari," mzee alisema taratibu. "Wala mgomaji hakuwasha kitu. Ni waya wa pasi. Mimi nilikuwa msimamizi wa zamu. Nilifunga kila siku, vitambaa visiibwe. Siku ile nikafunga, nikaenda kunywa chai." Akatoa ufunguo mfukoni, mweusi, mrefu kama kidole. "Nilirudi mbio. Nikafika mlangoni nao mkononi. Nikawasikia. Bati lilikuwa linawaka. Nikakimbia."



"Uongo uliotoka kwenye spika," mganga alisema, "haufutwi kwa kunong'ona chumbani."

"Baba, acha," fundi alisema. "Watu watakutafuna mzimamzima. Nitabaki kiziwi, sitakuwa wa kwanza."

"Mjukuu wangu anakuita, wewe unamtazama mdomo. Washa mashine, mwanangu."

Wakarekodi. Ufunguo ukazunguka mara moja. Kandambili zikaondoka bila haraka, za mtu anayekwenda kunywa chai. Kisha sauti ya mzee. Fundi akavitia vyote mahali pa mabuti, na Skafu, mtu ambaye hajawahi kutazama filamu yake mpaka mwisho, hakukagua.

Ilionyeshwa mchana, kwenye ukumbi mkubwa, wakubwa wapya mbele na ndugu wa marehemu nyuma. Mlango wa kiwanda ukatokea kwenye picha, mabuti ya askari hayakusikika. Kandambili. Ufunguo. Ngumi. Halafu: "Ni mimi niliyefunga. Hakunituma mtu."

"Zimeni! Zimeni!" Skafu alipiga kelele, na fundi alimsikia kwa masikio mawili. Yalizibuka kwa mpigo. Akasikia viti vikiburutwa, akasikia mwanamke kule nyuma akiita jina moja, akilirudia bila kuchoka. Zile ngumi hazikuwepo.

"Baba! Baba, nasikia!"

Mzee hakumtazama. "Wanagonga," alisema.

"Nani? Hakuna anayegonga."

"Nyamaza. Ni wengi."

Akainuka, ufunguo mkononi. Watu wakampisha, hakuna aliyethubutu kumgusa. Akafika kwenye mlango wa ukumbi. Ulikuwa wazi, mbao zote mbili zimeegemezwa ukutani, jua linaingia mpaka viti vya kati, na watu walikuwa wameshaanza kutoka. Mzee akasimama katikati ya uwazi ule, akainama, akaanza kupapasa hewani, akitafuta tundu la ufunguo.

"Subirini," alikuwa akiwaambia. "Subirini jamani, nafungua."