Bobini Tatu Juu ya Santuri

Nisikilizeni, majirani zangu, na wewe usiye jirani sogea pia. Kuna jambo limenikaa kooni, na nisipolitema leo litaniozea humo humo.

Mnaifahamu baraza ya yule fundi cherehani tuliyempachika jina la Bwana Mikunjo, kwa jinsi anavyozipenda suruali zake zilizopigwa pasi. Mimi hushona vifungo na kukunja pindo hapo kila siku. Ilikuwa baraza ya raha. Mkewe, ambaye ni dobi, alianika mashuka ya watu uani, na baba yake dobi, mzee aliyepofuka, aliketi karibu yangu akinichekesha kwa visa vya ujana wake. Mapajani alipakata santuri moja iliyofungwa kitambaa cheupe.

"Humu yumo mama wa binti yangu," aliniambia siku ya kwanza. "Aliiimba kabla hatujaoana. Nimetafuta nyingine mpaka macho yakaniisha, sikupata. Ni hii tu."

Tangu mkewe afariki, mzee hakuwahi kuisikia, kwani hakuwa na mashine ya kuichezea. Basi dobi akajiapiza kwamba baba yake hataondoka duniani bila kuisikia sauti ile. Akafua miezi minane, vidole vikamchubuka kwa sabuni, na kila alichobakiza kikaingia koponi. Kopo lilipojaa akaenda na mumewe kwa fundi redio. Nami nikawafuata, kwa umbea wangu.

Fundi redio hakuwazungusha. "Fedha yenu ni ndogo, ila mkiipanga itatosha. Anzeni na sindano nzuri, maana ndiyo inayogusa santuri. Mashine hata ikiwa kuukuu haidhuru, mradi izunguke sawasawa. Spika ziacheni mwisho, nitawapa hizi za redio iliyokufa. Na mkono wa sindano ukirukaruka, msiuwekee uzito. Nileteeni mimi."

Bwana Mikunjo akacheka. "Mimi fundi cherehani, unifundishe sindano?"

Dobi akamwachia mumewe kopo akawahi mashuka yake. Kosa lake ni hilo tu, kumwamini mtu anayelala naye kitanda kimoja.

Kesho yake zikashushwa barazani spika mbili zinazonifika kifuani, zina taa nyekundu na kijani za kukonyeza wapita njia. Kwa vijisenti vilivyobaki alichukua mashine kwa muuza vyuma chakavu, pamoja na sindano yake ya zamani iliyolika upande.

"Mume wangu, na sindano je?" dobi akauliza.

"Sindano ataiona nani? Watu wanaona spika!"

Lilinijia tusi, nikalimeza. Dobi hakugombana. Alimwomba jambo moja tu, santuri ya baba isiguswe mpaka afue tena apate fedha ya sindano mpya. "Wiki mbili tu, baba watoto." Akakubali, tena kwa kiapo.

Jumamosi dobi akampeleka baba yake zahanati. Hawajapinda kona, marafiki wa Bwana Mikunjo wakaja kuzizindua spika. Kuku wa kuchoma akaletwa, vicheko vikaanza. Na santuri nyingine haikuwepo, kwa hiyo mtu yule, bila haya, akafungua kitambaa cheupe.

Sindano iliruka mara moja. Alivuta droo ya cherehani, akatoa bobini ya chuma, kile kigurudumu cha kuzungushia uzi, akaifunga juu ya mkono wa sindano. Ikaruka tena. Akaongeza ya pili. Ya tatu ilipokaa, mkono ukatulia, naye akapigiwa makofi.

"Fundi redio alikataza," nikasema.

"Wewe shona vifungo!"

Sauti ikatoka. Jamani, sijui niseme nini. Ilikuwa ya msichana, nyororo, na mwishoni mwa kila ubeti alikuwa kama anakaribia kucheka. Niliacha sindano yangu ndani ya nguo.

"Rudia!" wakapiga kelele. Akarudia, kwa vidole vile vile vya mafuta ya kuku. Wakataka tena, akaweka tena. Mara ya sita msichana alisikika kama anaimba ndani ya gunia. Unga mweusi ulijikusanya chini ya sindano, naye akaupuliza, fuu, ukatua juu ya mifupa waliyoitema. Ule unga ulikuwa sauti ya mtu. Nilichukia. Na niseme ukweli wote, kwa kuwa najichukia pia: mkononi mwangu nilikuwa na paja la kuku, nami nililimaliza.

Dobi na baba yake waliporudi kutoka zahanati, marafiki walikuwa wameshatawanyika, mashine bado imewaka. Mzee akauliza, "Nasikia spika zinanguruma. Imekuwa tayari?"

Bwana Mikunjo hakuwa na pa kutokea. Akaiweka santuri. Mzee akaketi wima, akafunga vifungo vya shati hadi shingoni, kama mtu anayekwenda kuonana na mchumba. Tukasikia mkwaruzo, na ngoma kwa mbali. Hakuna mtu aliyeimba.

"Mbona haanzi?" mzee akauliza.

"Santuri yako imezeeka, baba," akajibu mkwewe. Sauti haikumtetemeka hata kidogo!

Mzee akainama. "Basi ni mimi niliyeihifadhi vibaya. Nisameheni, wanangu. Nisamehe, mama," akasema, na huyo mama hakuwa dobi.

Hapo ndipo ulimi wangu ulipofunguka, nikasema yote, hadi lile paja. Dobi alifungua uzi, akazitoa bobini tatu, akaziweka kiganjani mwa baba yake. "Si wewe, baba. Ni hizi."

Mzee alizipima mkononi kwa muda mrefu. "Nyepesi hivi?" akauliza.

Kesho yake dobi na baba yake walihama. Spika zingali barazani zinakonyeza, na hakuna anayesimama kuzitazama.

FUNZO

Ndugu zangu, mwenye fedha kidogo aanze na kile kinachogusa kitu anachokipenda, na kinachoonekana na wapita njia kikae mwisho. Hayo ni ya mashine. Ya nyumbani ni haya: ukitafuta sifa za watu wa nje kwa kitu cha watu wa ndani, utakuwa umewaibia. Ukishaharibu, sema. Kumwacha mzee aombe msamaha kwa uchafu wako ni uchafu mkubwa zaidi. Na sisi tunaokaa pembeni tukiona, tuweke chini paja la kuku tuushike mkono wa anayeharibu mapema. Mimi nilichelewa, santuri ikachezwa mara sita.