Picha Moja Iliyobaki

Kila asubuhi Pulchérie alianika ndagala zake, dagaa wa ziwani, mchangani katika mji wa Baraka, Kongo, kisha akalitazama Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ni Tanzania. Mumewe Eugène, mpiga picha, alivuka huko mwaka 1996 vita vilipoingia. Sasa ni 1999, na bado yuko katika kambi ya wakimbizi. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa Pulchérie haikuwa hivyo. Alimtamani mumewe mpaka kuku wakala ndagala asijue.

Siku moja mchuuzi aliyevuka ziwa kwa mashua alimletea barua. Eugène aliandika: "Sura ya binti yetu Merveille inaanza kunitoka. Nilimwacha ana miaka minne. Filimu ndani ya kamera niliyokuachia imebakiza picha moja. Mpige mtoto picha, kisha nitumie filimu. Nitaisafisha huku."

Picha moja tu, na Baraka nzima haikuwa na filimu ya kuuza.

Pulchérie alikuwa ameificha kamera katika gunia la unga wa muhogo, askari wasiione. Akaitoa, akamwelekezea Merveille na kuchungulia. Madoa meupe yakaonekana usoni pa mtoto. Akaifungua lensi. Ndani akaona kioo kidogo kilichoinama, kimejaa unga. Akashika ncha ya kitenge, akaitemea mate.

"Ngoja kwanza, Mama Merveille," akasema jirani yake Bonaventure. Alikuwa mwalimu wa fizikia kabla shule haijafungwa. "Hii kioo haiko kama ya nyumba. Ya nyumba, rangi ya fedha iko nyuma. Ya kamera iko mbele. Ukipangusa, utaichuna."

"Sasa mutoto atatoka na madoa ku uso?"

"Hapana. Lensi inakusanya mwangaza. Kioo inautupa juu, njo maana we unaona. Ukifinya kitufe, kioo inanyanyuka, mwangaza unapita mpaka ku filimu. Unga ya ku kioo, ni we tu unaiona."

"Na unga ya ku lensi?"

"Ile njo mubaya. Picha itakuwa na ukungu. Uko na ule mupira wa kusafishia batoto tumbo?"

Pulchérie akacheka. Alikuwa nao, mpira mdogo wa enema wa kubinya kwa mkono, mpya na mkavu. Wakaiinamisha kamera na kupuliza kwa mpira huo, bila kugusa kioo. Lensi wakaipuliza kwanza, kisha wakaipangusa polepole kwa kitambaa laini na kuirudisha mahali pake.

"Jua ikae ku mugongo yako," Bonaventure akasema.

Merveille akasimama, amenuna kama afisa wa forodha.

"Cheka kidogo, mama," Pulchérie akambembeleza. Wapi. Ghafla kuku akapita mbio na ndagala mdomoni. Pulchérie akafinya. Tak. Giza.

"Sikuona kama amecheka," akasema, machozi yakimlenga. "Niliona giza tu."

"Kioo ilinyanyuka. Mwenye kupiga hawezi kuona ile dakika. Filimu njo imeona."

Bonaventure akaizungusha filimu ikarudi yote ndani ya kopo lake. Mchuuzi akaenda nayo. Kamera haikurudi kwenye unga tena. Pulchérie aliifunga kwa plastiki, akaiweka ndani ya mkebe mkavu wa bati.

Miezi miwili kila mashua ilimpandisha moyo na kumshusha. Hatimaye bahasha ikafika. Pichani Merveille alikuwa akicheka, mapengo mawili wazi, bila doa hata moja. Nyuma ya picha Eugène aliandika: "Kumbe anacheka kama wewe."

Pulchérie akaishika picha kwa mikono miwili. Kicheko kile alikuwa hajakiona. Kati yao wawili, Eugène ndiye aliyekiona kwanza.