Tanuri Lililongoja Bunge

Kila alfajiri Mama Mikate alikanda unga, na mumewe akachochea moto. Mume huyu wote walimwita Fundi, maana alikuwa mwashi hodari. Siku moja alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Mguu ulivunjika ukaunga vibaya, na tangu hapo mikate ndiyo iliyolisha nyumba.

Tanuri lilikuwa jikoni, limeegemea ukuta wa chumba cha watoto. Moshi ulipenya huko, na binti yao mdogo alikohoa. Walisema ni mafua tu.

Halafu Bwana Afya, mkaguzi wa vyakula, akabisha hodi. Alitazama tanuri, akatikisa kichwa.

"Sheria hairuhusu mikate ya kuuza kuokwa kwenye nyumba wanamolala watu, iwe ndani au uani," alisema. "Nikikukuta tena, tanuri hili litabomolewa."

Moto ukazimwa. Nyumba ikaanza kula kwa kujibana.

Hazikupita siku nyingi, rais akahutubia redioni. "Kuanzia leo," alisema, "sitaki kusikia mama yeyote anasumbuliwa kwa kuoka mikate nyumbani kwake."

Fundi alijipiga paja. "Umemsikia? Washa moto."

"Na Bwana Afya je?"

"Bwana Afya ni nani mbele ya rais, mke wangu?"

Basi, wakawasha. Wiki hiyohiyo Bwana Afya akarudi. Alifuata harufu, wala hakuhitaji kuelekezwa. Aliufunga mlango wa tanuri kwa waya, akabandika karatasi nyekundu.

"Rais ametamka," Fundi alisema kwa ukali. "Wewe unampinga rais?"

"Nimpinge kwa lipi? Kura yangu nilimpa yeye." Bwana Afya alivuta kigoda, akaketi. "Sikia, kaka. Rais ana nguvu nyingi. Anateua mawaziri. Anaamuru jeshi. Hata bosi wa bosi wangu, rais anaweza kumwondoa kazini leo kabla ya chakula cha mchana. Lakini sheria iliyotungwa na Bunge, hawezi kuifuta kwa mdomo."

"Kwa hiyo alitudanganya?" aliuliza Mama Mikate.

"Hapana, dada. Alisema anachotaka. Serikali yake imepeleka bungeni muswada wa kuruhusu hilo. Muswada ni sheria ambayo bado inapendekezwa. Wabunge wataujadili. Wanaweza kuukubali, kuubadilisha au kuukataa. Wakiupitisha, unarudi kwa rais autie saini. Hapo ndipo unakuwa sheria. Mimi nafuata sheria, sifuati redio."

"Sasa sisi tumlilie nani?"

"Mbunge wenu mnamjua?"

Mume na mke walitazamana. "Si yule mzee wa kofia?" Fundi aliuliza.

"Huyo alishindwa uchaguzi uliopita," alisema Bwana Afya. Alicheka kidogo, kisha akainuka. "Mbunge wenu ni mwanamke, na ofisi yake iko nyuma ya soko. Kamati ya Bunge inakuja mjini kusikiliza wananchi kuhusu muswada huu. Nendeni mkaseme. Ila huu waya msiuguse. Mkiukata, wabomoaji watakuja, na mimi sitaweza kuwazuia."

Alipotoka tu, Fundi alichukua koleo akate waya.

Mama Mikate alisimama mbele ya tanuri. Alikuwa na hasira. Alimkasirikia Bwana Afya, akamkasirikia rais, akajikasirikia mwenyewe kwa kuamini upesi. Lakini hofu ilizidi hasira. Tanuri likivunjwa, watoto watakula nini?

"Weka koleo chini, baba watoto," alisema. "Kesho naenda kwa huyo mbunge."

Fundi alinuna hadi jioni, lakini koleo aliliweka.

Mbunge alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alikiri kwamba muswada huo aliupitia juujuu tu. Alidhani unahusu viwanda vikubwa. "Njoo useme mbele ya kamati," alisema. "Mimi nitakuwepo."

Ukumbi wa mkutano ulijaa. Daktari mmoja alitangulia kusema. Alieleza jinsi moshi wa tanuri unavyoharibu mapafu ya watoto. Mama Mikate aliyekuja kutetea mikate yake akaanza kumfikiria binti yake. Zamu yake ilipofika, mwenyekiti wa kamati alimuuliza:

"Tanuri lako liko wapi, mama?"

"Jikoni. Limeegemea ukuta wa chumba cha watoto."

"Kuna mtoto anayekohoa?"

Fundi alimgusa kiwiko, yaani nyamaza. Mama Mikate alijua akisema kweli anaweza kujichongea. Alivuta pumzi.

"Yupo. Binti yangu mdogo," alisema. "Tulijidanganya kuwa ni mafua. Lakini waheshimiwa, nikiacha kuoka atalala njaa. Niruhusuni nijenge tanuri uani, mbali na chumba chake. Mume wangu ni mwashi. Mguu ni mbovu, mikono mizima."

Watu walicheka. Hata Fundi alicheka, ingawa kwa aibu. Mbunge wao aliinama akaandika, na bungeni akalisimamia jambo hilo.

Wabunge wengine waliupinga muswada, wengine waliutetea. Mwishowe ulipita, lakini haukuwa kama rais alivyotamka. Bunge liliongeza sharti: tanuri liwe nje ya nyumba ya kulala, tena liwe na bomba la moshi. Rais angeweza kukataa kutia saini. Alitia.

Mama Mikate hakuwasha kitu mpaka sheria ilipotangazwa kuanza kutumika. Bwana Afya alikuja kukata waya mwenyewe. Matofali yakahamishiwa uani, na Fundi akajenga tanuri jipya akiwa ameketi kwenye kigoda, huku akimfokea kila aliyempa ushauri.

Wateja wakarudi. Siku moja jirani alikuja kununua mikate. Alimkuta yule binti mdogo akiruka kamba uani, hakohoi.

"Rais amekusaidia sana," jirani alisema.

"Amenisaidia, simnyimi haki yake," alijibu Mama Mikate. "Lakini yeye aliniruhusu nioke jikoni. Bunge ndilo lililomwondolea mwanangu moshi."

Kisha akamuuliza anataka mikate mingapi.