Filimbi ya Werema

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mnaopita na sururu begani kuelekea machimboni, kaeni kidogo niwaambie. Yaliyoikuta nyumba ya Mama Scholastica pale Genkuru hayakuletwa na mchawi, ingawa wapo wanaosema hivyo mpaka leo.

Jumapili moja baada ya ibada, mama huyo alikuwa mlangoni akipukuchua mahindi. Kwenye malisho yake, nyuma ya zizi, mwanawe Werema alikuwa akichora mistari kwa majivu. Kijana huyu alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea uongozi wa michezo. Kazi iliyombakia ilikuwa kutengeneza uwanja kijijini kwao na kuanzisha ligi ya vijana. Mkufunzi wake, Mwalimu Everlyne, angekuja kuukagua mwisho wa mwezi, na bila uwanja hakuna kuhitimu. Ili amsomeshe, mama huyu mjane aliuza maksai wake wote wawili, akarudi kulima kwa jembe la mkono. Mgongo ulimuuma, lakini hakulalamika.

"Hata mpira unasomewa?" majirani walimtania.

"Unasomewa," alijibu. "Kuna kucheza, na kuna kuwaangalia wanaocheza wasiumie."

Maneno hayo alifundishwa na Werema mwenyewe. Chuoni walikuwa wameambiwa kwamba msimamizi wa uwanja ni yule anayethubutu kusimamisha mchezo, hata kama watu elfu wanamzomea. Kila mwanafunzi alipewa filimbi, na Werema ya kwake hakuivua shingoni.

Kesho yake yeye na mdogo wake Nelson wakaanza kusimika milingoti ya goli. Wa kwanza ulisimama vizuri. Kwenye shimo la pili, walipofika kina cha kiuno, sururu ya Nelson ikavunja jiwe jeupe lenye chembe za manjano: dhahabu.

Nelson alilitazama, akaliweka chini. "Kaka, tufukie. Tufanye hatujaona."

Werema akamtazama mama yake kule shambani, amepinda mgongo. "Wiki mbili tu," akasema. "Tunachimba, tunafukia, Mwalimu akija anakuta nyasi."

Tamaa ndivyo ilivyo, ndugu zangu. Haiji na panga mkononi, inakuja na "wiki mbili tu".

"Mimi nilitoa malisho yawe uwanja, sio shimo," mama alisema jioni ile.

"Mama, nitakurudishia maksai wako."

Mama hakukataa tena. Alikuwa amechoka, na maneno ya maksai yalimwingia.

Shimo linataka watu, na Werema akawaita saro wake. Kwetu sisi Wakurya, vijana waliotahiriwa msimu mmoja ni saro moja. Siku ya kisu, anayekunja uso anawaaibisha wote, na aibu hiyo haimwachi hadi uzee. Ndani ya saro hakuna mkubwa. Hakuna anayemwamuru mwenzake wala kumkemea. Nelson alikuwa wa saro hiyo hiyo, kwani ndugu hao walitahiriwa pamoja. Wakaja Mniko, bingwa wa utani, na wengine wawili.

"Nikipiga filimbi, kila mtu atoke," Werema aliwaambia siku ya kwanza, na wote wakakubali.

Wiki ya pili udongo ulichuruzika kidogo ukutani. Werema akapiga filimbi. Wakapanda juu, wakakaa mpaka jua likazama, na hakuna kilichoanguka.

"Werema," Mniko akasema, akijifuta vumbi, "ulitahiriwa na sisi kweli, au siku ile tulisimama na dada yako?"

Walicheka sana. Hata Nelson alicheka. Werema naye akajilazimisha kucheka, lakini usingizi siku hiyo hakuupata, na kesho yake njiani watoto walimpigia miluzi.

Jumatatu iliyofuata simu ikaita. "Werema, nakuja Alhamisi," alisema Mwalimu Everlyne. "Uwanja umefikia wapi?"

"Unaendelea vizuri, Mwalimu," akajibu, akiwa ameketi ukingoni mwa shimo lililokwisha kumeza eneo la goli, likabakiza ule mlingoti mmoja.

Jumanne mvua ikanyesha kutwa. Jumatano asubuhi wanne waliteremka, Werema akabaki juu kuvuta ndoo. Hapo ndipo alipouona ufa. Ulianzia ukingoni ukaenda hadi kwenye mlingoti wa goli, mpana wa kuingia kidole, na ulikuwa ukiendelea kufunguka. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Akaweka filimbi mdomoni.

"Vipi huko juu, mbona ndoo haishuki?" Mniko alipaza sauti kutoka chini. "Unataka kutupigia tena?"

Wote wanne wakacheka. Werema akaitoa filimbi mdomoni.

"Hapana," akasema. "Hakuna kitu."

Ndivyo alivyosema. Namkasirikia mpaka leo, na namhurumia pia.

Ndoo haikufika chini. Ardhi ilishuka yote kwa pamoja, na yeye akarushwa kando. Ndipo alipopiga filimbi. Aliipiga mpaka midomo ikatoka damu. Kijiji kizima kilikuja na majembe, kikachimba hadi alfajiri ya Alhamisi. Hakutoka aliye hai. Nelson alitolewa wa mwisho.

Mwalimu Everlyne alifika mchana, fomu za ukaguzi zikiwa mkobani, akakuta watu wamekaa msibani. Akaketi karibu na mama, akampa pole.

"Mwalimu," mama akauliza, "huko chuoni mlimfundisha kusimamisha mchezo?"

"Tulimfundisha, mama."

"Alikuwa anajua?"

"Alijua. Somo hilo aliwashinda wenzake wote."

Mama akajifunika uso kwa khanga, asiulize tena.

Werema hakurudi chuoni. Mama humpikia na kumtengea chakula, lakini hamsemeshi. Familia za wale watatu hupita pale bila kubisha hodi. Mama bado analima kwa mkono, na ule mlingoti mmoja wa goli umelala shimoni mpaka leo.

FUNZO

Tamaa ndiyo iliyochimba shimo lile, lakini aibu ndiyo iliyolifukia. Vijana, kusoma peke yake hakutoshi kama unaogopa kuchekwa na rafiki zako. Ukiona hatari, sema, hata ukisema mara kumi na mara tisa ukaonekana mjinga. Nasi wazee tuliowafundisha watoto kutokunja uso mbele ya kisu, tuwafundishe pia kwamba shimo si kisu. Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Pale kwa Mama Scholastica kicheko hakijasikika tangu Jumatano ile.