Alimpakia Bibi Harusi Kwenye Gari la Marehemu Baba

Nina miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Kibosho. Shule niliiacha darasa la sita wazazi wetu walipofariki, nikawalea wadogo zangu watatu kwa ndizi na kahawa. Tuliachiwa kihamba, shamba la ukoo, na gari moja tu... Mustang ya mwaka 1967, ambayo Baba alipewa na mzungu aliyekuwa akimwendesha.

Baba alitufundisha lile gari kama katekisimu. Kwamba ya sitini na saba ndiyo waliyoipanua ili ibebe injini kubwa. Kwamba ya sitini na nane ina vitaa ubavuni, yetu haina. Kwamba ina funguo mbili, mmoja wa kuwashia, mwingine wa buti. Ule wa buti ulikaa kwenye pindo la khanga yangu.

Elisante, fundi rangi wa Moshi mjini, aliniahidi ndoa. Alipouliza siku ya kuleta mbege, pombe ya ndizi ya posa, kwa wazee wa ukoo, nilimwambia asihangaike, mimi ni yatima... Ujinga gani ule! Akalichukua gari alipake rangi kwa ajili ya harusi yetu. Wiki tatu, kimya.

Jumamosi moja nikiuza ndizi Himo, nikasikia matarumbeta. Nikainua macho... Gari la Baba! Limejaa maua, ndani Elisante na bibi harusi! Mshereheshaji akanguruma kwenye spika: "Mustang ya sitini na nane, mali ya bwana harusi mwenyewe!"

Sitini na nane? Nilisimama mbele ya gari.

"Dada, umekosea harusi," Elisante akasema. Watu wakacheka.

"Kama ni lako, fungua buti."

"Fungua, bwana harusi, tuone!" mshereheshaji akashangilia.

Ufunguo wake ukagoma! Nikafungua fundo la khanga, kisha buti. Ndani, kitenge cha Mama na picha yetu watoto wanne tumekaa juu ya boneti, Baba kasimama pembeni.

Bibi harusi aliitazama picha, akanitazama mimi. Akavua shela, akamtupia Elisante. Baba wa bibi harusi akamnyang'anya Elisante ufunguo, akanipa. Nililiendesha hadi Kibosho na maua yake juu. Je, nilifurahi? Mno!

Yatima wenzangu, msimsamehe mchumba mbege eti kwa kuwa hamna wazazi. Aende kwa wazee, ajulikane, ndipo umkabidhi kitu. Mimi nilianza na ufunguo...

Mwezi uliopita Elisante alikuja kihambani na jani la isale mkononi. Kwetu Uchagani, aombaye msamaha kwa isale hakataliwi. Nami sikukataa. Nililipokea, nikalifungia ndani ya buti akiniangalia. Nitalitoa siku moyo wangu utakapopoa.

Bado haujapoa!